Mtoto Asiyetutazama Usoni: Ni Macho au Ni Usonji?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyetuumbia masikio, macho na nyoyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Mama zetu, dada zetu na wazazi wenzetu, juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, alitujia mama mmoja kijana amemshika mkono mwanawe wa miaka 5. Mtoto hakututazama. Alikuwa ameinua kichwa akiangalia feni inavyozunguka, na vidole vyake akivichezesha pembeni mwa jicho. Mama yake akasema: “Sheikh, huyu hospitali wameniambia ana usonji. Sasa mwalimu wa shule asema haoni ubaoni. Mume wangu auliza: ni macho yaliyoleta usonji, au ni usonji ulioharibu macho? Na mama mkwe asema kosa ni langu, eti kuna kitu nilikitazama nilipokuwa na mimba.” Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Tulimuomba atuachie siku chache tuwaulize wajuao, kwani Qur'ani imetuamrisha kuwauliza wenye ujuzi. Tuliyoyapata tunayaweka hapa, si kwa ajili yake peke yake, bali kwa kila nyumba yenye mtoto kama huyu.

Kosa letu chuoni

Kabla ya jibu, tuna la kukiri. Miaka mingi iliyopita, tukisomesha chuoni, tulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akiileta juzuu usoni mpaka ikaigusa pua. Akiitwa haitiki. Akisemeshwa hutazama ukuta. Herufi tulizoziandika ubaoni hakuweza kuzisoma hata moja. Sisi tulihesabu kuwa ni ujeuri, na bakora ikafanya kazi.

Siku moja mwenzake alitwambia kwamba yule kijana ameihifadhi Juzuu Amma karibu yote kwa kuwasikiliza wengine tu, ilhali sisi bado tunamgombeza kwa kutoijua be na te. Ndipo alipopelekwa kwa daktari wa macho, ikabainika kuwa kitu kilicho mbali kidogo tu hakioni. Akavishwa miwani, na baada ya miezi michache akawa anasoma ubaoni. Tukafurahi, tukasema yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Bado aliketi peke yake. Bado aliziba masikio kila kipaza sauti kilipofunguliwa. Bado aliizunguka nguzo ile ile kila jioni, na siku akizuiwa hulia kama aliyefiwa. Watu wakasema miwani haikumfaa. Kumbe miwani ilikuwa imefanya kazi yake. Lililobaki lilikuwa jambo la pili, na hakuna aliyeendelea kulitafuta, kwa sababu tulikwisha kupata jibu moja tukatosheka nalo. Kijana huyo tulimkosea mara mbili: kwanza tulipompiga kwa kutoona, kisha tulipodhani kuwa kuona ndilo lililokuwa tatizo lake lote. Tunamuomba Mola atusamehe, na wazazi wake watuwie radhi.

Jicho na mwenye kuona

Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karne ya 11, aliandika katika Kitab al-Manazir kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, na kwamba kuona hakukamiliki jichoni bali ndani ya ubongo, ambako kilichoingia hupambanuliwa na kutambuliwa. Jicho ni mlango; anayempokea mgeni yumo ndani ya nyumba. Mlango waweza kuwa mbovu na mwenyeji akawa mzima. Mlango waweza kuwa mzima na mwenyeji akawa na namna yake ya kupokea wageni. Na yote mawili yaweza kukutana katika nyumba moja.

Usonji ni jambo la ubongo. Si wazimu, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Ni namna ubongo wa mtoto unavyojijenga tangu angali mdogo mno, na tofauti yake hudhihirika katika mawasiliano na watu, na katika kushikilia mambo yale yale kwa utaratibu ule ule. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliyaeleza hayo mwaka 1943 alipoandika habari za watoto 11. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji. Basi katika mitaa yetu hawa si wachache. Wengi wao tumewafungia ndani.

Sasa jibu. Macho mabovu hayamtii mtoto usonji, na usonji wenyewe hauliharibu jicho. Hata hivyo, madaktari wameona kwamba mambo haya mawili hukutana kwa mtoto mmoja mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Watoto wenye usonji hupatikana zaidi na makengeza, na pia na kasoro zinazohitaji miwani. Vilevile, miongoni mwa watoto waliozaliwa vipofu, usonji huonekana zaidi kuliko kwa wenzao wanaoona.

Sababu mojawapo ni kwamba shina laweza kuwa moja na matawi mawili. Mfano ulio wazi ni rubela. Mwanamke akiipata katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto aweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi, maradhi ya moyo, na athari katika ubongo. Marekani ilipata mlipuko mkubwa wa rubela mwaka 1964 na 1965, na watoto wapatao 20,000 wakazaliwa na madhara yake. Daktari Stella Chess wa New York aliwafuatilia 243 kati ya watoto wa namna hiyo, akakuta usonji miongoni mwao ni mwingi kuliko kawaida. Hapo jicho halikuuleta usonji. Vyote viwili vililetwa na maradhi mamoja. Kadhalika mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake aweza kupata madhara nyuma ya jicho, na pia akawa na hatari zaidi ya matatizo ya makuzi ya ubongo.

Tunataja hili kwa makusudi, kwani wapo wanaowakimbiza watoto wasichanjwe kwa kuogopa usonji. Hofu hiyo ilishika kasi kutokana na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, yaliyochapishwa Uingereza katika jarida la The Lancet. Jarida hilo hilo liliyafuta makala hayo mwaka 2010, na mwandishi akaondolewa katika orodha ya madaktari. Kenya ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2016, na mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Chanjo hii haileti usonji. Kinyume chake, hukinga mimba za kesho na madhara tuliyoyataja.

Kwa nini hututatiza

Ugumu ni kwamba dalili hufanana, na moja hujificha nyuma ya nyingine. Mtoto asiyeona vizuri hawezi kukutazama machoni asipoyaona macho yako. Mtoto kipofu huyumbayumba akiwa ameketi, hubonyeza macho kwa vidole, na huenda akarudia maneno kama alivyoyasikia. Anayemwona hudhani ni usonji. Yupo pia mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, macho yake yakawa mazima ila sehemu ya ubongo inayopokea picha ikaumia. Huyo naye aweza kupita mbele ya nyuso za watu kana kwamba hakuna mtu.

Upande wa pili, mtoto mwenye usonji aweza kuwa na macho makali ya kumwona sisimizi sakafuni, na asigeuke mama yake akimwita mara tatu. Mwaka 2013 watafiti Warren Jones na Ami Klin walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wachanga kwa chombo kinachopima jicho linaelekea wapi. Wale ambao baadaye walithibitishwa kuwa na usonji walikuwa mwanzoni wakitazama macho ya watu kama wengine, kisha baina ya mwezi wa 2 na wa 6 kutazama huko kukapungua kidogo kidogo. Basi mama asijiambie, “Angenitazama lau ningempenda zaidi.” Zamani Ulaya na Marekani walikuwapo wataalamu waliosema usonji huletwa na ubaridi wa mama kwa mwanawe. Rai hiyo imekwisha kubatilishwa. Ni dhulma kuifufua Pwani kwa jina la kitu kilichotazamwa wakati wa mimba.

Namna nzuri ya kuanza kupambanua ni kumkaribia. Mtoto asiyeona mbali, ukimsogelea na akausikia mlio wa bangili zako, hugeuka, hucheka, hukuletea mchezo wake uuone, hukunyooshea kidole. Mtoto mwenye usonji aweza kutofanya hayo hata ukiwa umempakata. Mtoto aliyefika miezi 12 bila kuitika jina lake, au miezi 18 bila kunyoosha kidole kukuonesha kitu kilichompendeza, apelekwe akaangaliwe. Apimwe na masikio pia, maana asiyesikia naye haitiki. Haya si hukumu; ni alama za kutupeleka kwa daktari.

Yaliyo mikononi mwetu

La kwanza, kila mtoto aliyethibitishwa kuwa na usonji apimwe macho, hata kama halalamiki. Hawezi kulalamika. Aliyezaliwa akiona ukungu hudhani dunia ndivyo ilivyo. Zipo alama zisizotaka kusubiri: mboni inayoonekana nyeupe, macho yanayotikisika, jicho linalokwenda upande, au kichwa kinachoinamishwa kila anapotazama kitu. Mboni nyeupe yaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ya watoto; huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Makengeza nayo yasiambiwe “yataondoka akikua”, kwa sababu jicho lisilotumika ubongo hulisahau, na kulirudisha ni rahisi zaidi katika miaka ya mwanzo.

La pili, msikubali kuambiwa kwamba mtoto asiyezungumza hapimiki macho. Daktari humulika mwanga jichoni na kutazama unavyorudi, akajua miwani inayofaa bila mtoto kusema neno. Yapo matone ya kuipanua mboni, na zipo kadi za picha badala ya herufi. Mwelezeni mapema kuwa mtoto ana usonji, muombe nafasi ya asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, na mchukue kitu anachokipenda mtoto. Nyumbani, mzoesheni kuvaa fremu tupu kwa dakika chache kila siku, mwanzo akiwa katika jambo linalomfurahisha. Akiivua mara kumi, mvisheni mara ya kumi na moja kwa upole.

La tatu, angalieni chakula chake. Watoto wengi wenye usonji hushikilia vyakula viwili vitatu, labda mkate mkavu na viazi vya kukaanga, wakakataa kila kingine. Madaktari wamekutana na watoto walioharibikiwa na macho kwa njia hii, kwa kukosa vitamini A. Dalili ya mwanzo ni mtoto kushindwa kuona magharibi inapoingia, akajigonga na vitu. Vitamini hiyo imo katika maini, kiini cha yai, mchicha, karoti, maembe na maboga. Kliniki zetu hutoa matone ya vitamini A kila miezi 6 mpaka mtoto atimize miaka 5. Msiyakose, na msimwongezee kipimo wenyewe, kwani ikizidi hudhuru.

La nne, na hapa tunasema kama sheikh kwa watu wake. Tunasoma ruqya, tunaomba dua, na tunaamini kuwa kijicho ni kweli. Lakini dua haikupata kumkataza mtu kwenda kwa daktari, na Mtume (S.A.W.) alituhimiza kutafuta matibabu. Msitie jichoni mwa mtoto maji ya majani, asali wala unga wa mganga. Macho mengi yamepofuka kwa dawa, si kwa maradhi. Na wanja tunaowapaka watoto wachanga ili kuwakinga na husuda uangaliwe sana. Baadhi ya wanja unaouzwa madukani una madini ya risasi, nayo huudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kinga ya mtoto ni adhkari za asubuhi na jioni, si rangi nyeusi iliyo pembezoni mwa jicho.

La tano, msitegemee miwani iondoe usonji. Miwani itampa mtoto sura ya mama yake, herufi za ubaoni na ngazi za mlangoni. Mengine yanataka subira na mafunzo: mtaalamu wa matamshi na mawasiliano, mwalimu aelewaye, na utaratibu wa nyumbani usiobadilika ovyo. Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini ambavyo humwangalia mtoto na kushauri asome wapi. Waulizeni walimu wa shule ya karibu wawaelekeze.

Kwa akina baba na walimu

Neno letu la mwisho si kwa akina mama. Wao wamebeba vya kutosha. Baba anayemwachia mkewe foleni za hospitali, kisha akarudi jioni kuuliza “kosa la nani”, ajue kuwa mtoto ni amana ya wawili. Tumezifahamu nyumba zilizovunjika kwa jambo hili, mwanamke akarudishwa kwao na mtoto wake, kana kwamba alimzaa peke yake.

Na sisi walimu wa vyuo tuwe wa kwanza kubadilika. Mtoto asiyetutazama tusiseme amekosa adabu mpaka tumjue. Tumsogeze mbele karibu na ubao, tumwandikie kwa herufi kubwa, tumpunguzie kelele, na tumwambie mzazi tulichokiona. Bakora haipimi macho.

Tukumbuke kisa cha Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.). Alikuwa kipofu, akamjia Mtume (S.A.W.) kutaka kufundishwa wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, na Sura ya Abasa ikateremka kwa ajili yake, ikisomwa mpaka Siku ya Kiyama. Mtu huyo huyo akawa muadhini, na Mtume aliposafiri alimwachia usimamizi wa Madina. Ikiwa mafunzo hayo yalishuka kwa mbora wa viumbe, sisi ni nani hata tumgeuzie uso mtoto aliyekuja chuoni kutafuta herufi moja?

Yule mama alirudi siku ya Jumatatu, na safari hii mumewe alikuwa naye. Tuliwasomea haya kama tulivyoyaandika. Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza kliniki ya macho hufunguliwa saa ngapi. Tulimwambia waende mapema, saa mbili asubuhi. Mtoto naye alikuwa bado akiitazama feni yetu, nasi tulimwachia aitazame mpaka waliposimama kuondoka.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu nuru ya macho na nuru ya moyo, wape wazazi wao subira isiyokatika, na utufanye sisi kuwa wepesi wa kuelewa kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.